Hapa, Huku, Humu: Programu ya Kugundua Yaliyo Karibu

Ilikuwa saa nane za usiku, ghorofa ya nne ya jengo moja jijini Nairobi, na vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja. Hakathoni, yaani mashindano ya kujenga programu kwa muda mfupi, ilikuwa ya saa 48, wao walishatumia 16. Kazi yao ilikuwa imeanza kuonekana: ramani, kitone cha buluu cha kuonyesha mwenye simu alipo, na vijisanduku vyenye posti za watu walio karibu naye. Tatizo lilikuwa kile kitone. Kilikuwa kimetua ng'ambo ya barabara, juu ya paa la kituo cha mafuta, na kila baada ya sekunde chache kiliruka kikaingia jengo la jirani, kisha kikarudi. Msichana aliyekuwa akiandika msimbo wa seva alinigeukia, maana nilikuwa mmoja wa washauri wa zamu ile, akaniuliza: "Mwalimu, tuseme 'karibu' ni mita ngapi?"

Nimehudhuria hakathoni za kutosha kujua kwamba wazo hili halikosekani. Kila mara kuna kundi, pengine mawili, linalotaka kujenga programu ya kuonyesha watu wanaandika nini, wanapiga picha gani na wanakusanyika wapi, palepale ulipo. Nalipenda wazo hili kwa dhati. Mtu amefika mji asioujua, au anaishi mtaa ambao hawajui majirani zake. Simu iliyo mfukoni inajua alipo, ila mitandao anayoifungua inamletea habari za watu walio mbali naye. Hamu ya kuziba pengo hilo ni hamu ya kweli. Hata hivyo programu hizi nyingi hufa, na haziuawi na kile ambacho vijana huogopa. Wao huogopa ramani itakataa kufunguka. Ramani hufunguka, siku hizi ni kazi ya nusu saa. Kinachowashinda ni swali la yule msichana.

Kiswahili kimelitafakari swali hilo kabla ya simu kuwepo. Tuliosoma sarufi shuleni tunaikumbuka ngeli ya mahali: husemwa hapa kwa mahali dhahiri, huku kwa upande au eneo lisilo na mpaka, humu kwa ndani ya kitu. Mchuuzi wa Kariakoo hawezi kuchanganya "hapa dukani" na "huku Kariakoo", wala "humu sokoni" na chochote kati ya hivyo viwili. Simu huchanganya vyote vitatu, na mjenzi asiyevitenganisha mapema huviacha vichanganyike hadi mwisho.

Tuanze na hapa, kwa kuwa ndipo simu inapojivunia. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,000. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiuvuruga kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayopokelewa na raia. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo usitishwe, na tangu hapo mlango wa programu za namna hii ukawa wazi. Ukiwa uwanjani, mbingu wazi juu yako, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Ukiwa kati ya maghorofa, mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, safari yake inarefuka, na simu inajihesabu kuwa iko kwingine. Ndiyo maana kitone cha wale vijana kilikuwa kikirukaruka juu ya kituo cha mafuta.

Mahali penyewe huandikwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo, na tarakimu zilizo baada ya nukta zina maana ambayo kila mjenzi anapaswa kuijua kwa kichwa. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu mbili baada ya nukta zinakufikisha kwenye kilomita moja na ushei, yaani mtaa. Tatu ni mita 111, kona ya barabara. Nne ni mita 11, mlango wa nyumba. Niliwaona vijana wale wakihifadhi tarakimu kumi na nne, kwa sababu ndizo simu ilizowapa. Nitairudia namba hiyo mbele, maana ndani yake mna hatari.

Kutafuta posti zilizo karibu ni suala jingine. Huwezi kupima umbali wa kila posti iliyo kwenye hifadhidata kila mtu anapofungua programu. Zikifika laki kadhaa, seva inalemewa. Njia inayopendwa kwenye hakathoni ni geohash, aliyoibuni Gustavo Niemeyer mwaka 2008: dunia inagawanywa vyumba, kila chumba kinapewa herufi, kisha chumba kinagawanywa vyumba vidogo zaidi na kuongezewa herufi nyingine. Herufi tano ni mraba wa kilomita tano hivi, saba ni mita 150. Maeneo mawili yanayoanza na herufi zilezile yako karibu, kwa hiyo utafutaji unakuwa mwepesi kama kutafuta neno kwenye kamusi.

Ila njia hii ina kasoro inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wa London au New York. Mgawanyo wa kwanza wa latitudo hupita kwenye Ikweta. Nairobi, iliyo kusini, huanza na kzf0. Nenda mpaka pale mstari wa Ikweta unapokata barabara karibu na Nanyuki, simama upande wa kusini, mwenzako asimame kaskazini, mpeane mikono. Msimbo wako utaanza na kz, wake na sb. Hamna hata herufi moja mnayoshirikiana, na programu inayolinganisha herufi za mwanzo itaapa kwamba huyo unayemshika mkono hayuko karibu. Maseno, iliyo juu ya mstari huo, ina tatizo lilelile, na Kayabwe kule Uganda vilevile. Dawa yake ni rahisi: tafuta chumba ulichomo pamoja na vyumba vinane vinavyokizunguka, kisha pima umbali halisi kwa posti chache zilizobaki. Mifano mingi ya kufundishia hutumia miji ya Ulaya na Marekani, na mwanafunzi wa Nanyuki anaweza kuinakili bila kujua kwamba itakwama mlangoni kwake.

Humu sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu simu nayo haina mengi. Mtu aliye ghorofa ya sita na mtu aliye dukani chini yake wana latitudo na longitudo moja. Setilaiti hazioni ndani ya jengo vizuri. Simu hukisia kwa waifai na minara. Anayetaka programu yake ifanye kazi ndani ya soko au chuo amwachie mtumiaji achague jina la mahali kwa kidole, asiitegemee simu.

Huku ndiko kwenye kaburi la programu hizi. Mwenye simu hataki kujua kilichopo ndani ya mita kumi, anakiona kwa macho. Anataka kujua habari za huku, za mtaa, za upande huu wa mji. Na huku hakuwi na habari mpaka watu wawepo. Tuchukue hesabu ya kubuni. Programu imepata watumiaji 1,000 katika mji wenye ukubwa wa kilomita za mraba 100, mafanikio makubwa kwa kazi iliyotoka hakathoni. Ni watu kumi kwa kila kilomita ya mraba. Kila mmoja akiandika mara moja kwa siku mbili, zinapatikana posti tano kwa siku katika kilomita hiyo. Sasa weka duara la nusu kilomita kumzunguka mtumiaji: zinabaki kama nne kwa siku nzima. Akifungua programu saa kumi jioni kuona kinachoendelea saa hiyo, karibu kila mara atakuta patupu. Atafungua mara mbili, hatafungua ya tatu.

Historia yote ya jambo hili ni historia ya watu werevu wakipambana na utupu huo. Dennis Crowley na Alex Rainert walijenga Dodgeball walipokuwa Chuo Kikuu cha New York: unatuma ujumbe mfupi wa jina la mahali ulipo, rafiki zako wanaarifiwa. Google iliinunua mwaka 2005, ikaifunga 2009. Crowley hakukata tamaa. Machi 2009, yeye na Naveen Selvadurai walizindua Foursquare kwenye tamasha la South by Southwest mjini Austin, wakauziba utupu kwa mchezo: anayefika mahali mara nyingi kuliko wengine anakuwa meya wa mahali hapo. Gowalla ilishindana nao mpaka watu wake walipochukuliwa na Facebook mwishoni mwa 2011. Color ilianza mwaka huohuo ikiwa na dola milioni 41 za wawekezaji, ikaahidi kuunganisha picha za watu walio karibu, na watu wakaifungua wakajikuta peke yao. Highlight ya Paul Davison, iliyovuma Austin mwaka 2012, ilikuarifu mtu wa kufahamiana naye akipita jirani. Ilivuma siku za tamasha, wakati maelfu ya watu wa aina moja walikuwa wamejazana mitaa michache, ikamaliza betri za simu, na tamasha lilipokwisha ujirani ule ukaisha nao.

Wale waliofaulu walifaulu kwa kuachana na wazo la mwanzo. Kevin Systrom alikuwa na programu ya kutangaza ulipo iitwayo Burbn. Yeye na Mike Krieger waliona watumiaji wanavutiwa na picha, wakakata mengine yote, na Oktoba 2010 ikazaliwa Instagram. GroupMe, iliyojengwa kwenye hakathoni ya TechCrunch Disrupt jijini New York Mei 2010 na kununuliwa na Skype mwaka uliofuata, haikumtafutia mtu wageni wa karibu. Ilichukua kundi la marafiki ambalo tayari lipo. Snap Map, iliyoanza 2017, nayo ilipandwa juu ya mtandao uliokwishajaa watu.

Kisa cha Foursquare ndicho ninachokirudia kila ninapokaa na vijana. Desemba 2024 programu yake ya kuongoza watu mijini ilifungwa. Mwezi mmoja kabla, kampuni ilikuwa imeachia wazi, bila malipo, orodha ya mahali zaidi ya milioni 100 duniani: maduka, vituo, hoteli, masoko. Kampuni iliyoanza kwa kuuliza watu wako wapi imedumu kwa kujua mahali pana nini. Mimi nasoma hapo jibu la swali zima. Watu wanahama, wanachoka, wanafuta programu. Mahali panabaki, na taarifa moja iliyoandikwa juu yake leo inamfaa mtu wa kesho.

Vijana wakishauona utupu, hukimbilia kuazima posti kutoka mitandao mikubwa. Zamani ilifaa. Twitter iliruhusu kuambatanisha mahali na ujumbe kuanzia 2009, Instagram iliruhusu programu za nje kutafuta picha kwa latitudo na longitudo, na hakathoni za miaka ile zilijaa ramani zilizopendeza. Kisha milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mlango wa zamani wa Instagram ulifungwa kabisa mwaka 2020. Twitter iliondoa alama ya mahali hasa mwaka 2019, na 2023 ikaanza kutoza fedha kwa data iliyokuwa ikichotwa bure. Hata enzi za neema, ni kama asilimia moja au mbili tu ya jumbe zilizokuwa na mahali. Kundi linalojenga juu ya kisima cha mwingine lijue kwamba mwenye kisima ana kufuli.

Inabaki kusoma maneno yenyewe na kukisia mahali kutokana na majina. Nimeona kundi likijaribu, likanasa kwenye Majengo. Ipo Majengo Nairobi, ipo Mombasa, ipo Moshi, ipo Dodoma. Na watu wetu hawaelekezani kwa majina rasmi kila mara: shuka stendi, fuata barabara ya vumbi, ukifika kwa mama wa chapati uliza. Maelekezo hayo ni sahihi kabisa kwa anayepajua. Mashine haimjui mama wa chapati.

Hapo ndipo tovuti ya Ushahidi inapokuja, na sioni aibu kuiweka juu ya zote nilizotaja. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,000. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh aliandika akiomba wanaojua teknolojia wasaidie kuonyesha kwenye ramani matukio yanakotokea. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao waliitika, na katika muda wa siku chache tovuti ilikuwa hewani, ikipokea taarifa kwa mtandao na kwa ujumbe wa simu. Hapakuwa na jaji wala zawadi, lakini kwa kasi na kwa roho ilikuwa hakathoni kubwa kuliko zote zilizofanyika kwetu. Nayo ilikwepa utupu kwa sababu haikumwomba mtu ajitangaze. Ilimwomba aseme kilichotokea mahali fulani. Swali lilikuwa moja, kila aliyelisikia alijua jibu lake lina uzito, na taarifa chache tu zilitosha kuifanya ramani iwe na maana.

Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, msimbo uleule ulitumika. Jumbe zilikuja kwa Kikrioli, zikitaja kanisa, duka, mteremko. Wahaiti waliokuwa ughaibuni walizitafsiri na kuzitafutia nukta kwenye ramani, kwa kuwa walizijua njia zile kwa miguu yao. Kwa maneno mengine, mama wa chapati alipatikana, kwa sababu aliyesoma ujumbe alikulia jirani naye. Kazi ya namna hiyo ilikuwa imeanza Nairobi pia: mwishoni mwa 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao kwenye ramani ya OpenStreetMap kupitia mradi wa Map Kibera, wakati ramani nyingi zilionyesha pale pakiwa patupu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, Ramani Huria iliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa, mifereji na nyumba zinazofikiwa na mafuriko. Ukiwa na ramani iliyochorwa hivyo, programu ya saa 48 ina ardhi ya kusimamia.

Sasa nirudi kwenye zile tarakimu kumi na nne, maana hili silisemi kwa upole. Februari 2010 tovuti ya Please Rob Me ilikusanya matangazo ya watu waliokuwa wakisema hadharani wako wapi, ili kuonyesha kwamba kila anayetangaza yuko mkahawani anatangaza pia kwamba nyumbani hayupo. Mwaka 2012 programu iitwayo Girls Around Me, ya kampuni ya Urusi i-Free, ilichanganya data ya Foursquare na picha za Facebook, ikamwonyesha mwanamume ramani ya wanawake walio jirani naye, majina na sura zao. Hakuna aliyevunja kufuli; data yote ilikuwa ya wazi. Foursquare iliifungia mlango. Ninaamini wajenzi wengi wa programu za "walio karibu" hawakusudii kitu kama hicho, na ninaamini pia kwamba wengi wanakijenga.

Wale vijana wanne walidhani wamejilinda, kwa kuwa programu yao haikuonyesha nukta ya mtu bali umbali tu. Nilichukua karatasi. Simu ilisema mwenzao aliyekuwa nje yuko mita 350. Nikachora duara. Nikamwomba kijana mmoja ashuke hadi getini, akasoma mita 210. Duara la pili. Mwingine akaenda upande wa maegesho, duara la tatu. Yalikutana karibu na kibanda cha chai alikokuwa ameketi mwenzao, na pale juu walinyamaza. Hivyo ndivyo watafiti wa Include Security walivyoeleza udhaifu wa Tinder mwaka 2014: seva ilitoa umbali wenye tarakimu nyingi mno, na mtu angeweza kudanganya yuko sehemu tatu, akapata umbali tatu, akajua nyumba ya mtu. Kuongeza kosa la kubahatisha hakusaidii sana, kwa sababu anayeuliza mara mia atatafuta wastani. Dawa ni kumsogeza mtu katikati ya chumba kikubwa cha ramani kabla data haijahifadhiwa, tarakimu mbili tu baada ya nukta, na nyingine zisiingie kwenye seva kamwe. Ambacho hukukihifadhi hakiwezi kuibwa.

Sheria nazo zipo. Za kulinda data za Kenya na Uganda ni za mwaka 2019, ya Rwanda ni ya 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023. Kundi la hakathoni linalojaribu programu yake kwa simu za wageni waliomo ukumbini tayari linakusanya data za watu, na ridhaa yao haipatikani kwa kuwa tu wamekubali kushika simu.

Karibu na alfajiri wale vijana walifuta nusu ya kazi yao. Kitufe cha kuonyesha watu kiliondoka. Mahali pake waliweka swali moja kwa kila mahali: pana nini sasa hivi? Maji yanatoka, umeme upo, matatu zimejaa, duka la dawa liko wazi. Kila jibu lilipewa saa ya kufifia, la maji saa sita, la matatu dakika ishirini. Kulipokucha wawili kati yao walitoka kwa miguu, madaftari mkononi, wakazunguka mitaa iliyo jirani na jengo lile wakiuliza wenye maduka na walinzi. Walirudi saa nne asubuhi, viatu vimejaa vumbi, wakiwa na mahali 63. Msichana wa seva alikuwa amelala juu ya meza. Walimwamsha, naye akaanza kuyaingiza majina moja baada ya jingine, akisoma kwa sauti: kioski cha maji, huku nyuma ya kanisa, fundi viatu, hapa getini, chai ya mama, humu ndani ya ua.